Anayelala Mlangoni

Rafiki yangu Audrey ana kitanda kizuri cha mbao alichoachiwa na marehemu mama yake, lakini kwa miaka minne sasa hajakilalia. Hulala chini, kwenye godoro jembamba, amejinyoosha mlangoni kama gogo. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekuja hapa kumsifu. Audrey ananikasirisha. Tulijifunza kusuka pamoja, mimi naye, na vidole vyake vikishika nywele hata mtoto mlizi husinzia. Kiti cha pili cha saluni yangu hapa Kawangware ni chake tangu nilipofungua, na hajawahi kukikalia. Nimekiwekea ndoo na mataulo. Mteja akiniuliza, Kamene, mbona hutafuti msaidizi, namjibu kwamba msaidizi ninaye, ila amefungwa Kibera.

Hakufungwa na mtu. Afadhali angefungwa na askari, angalau angejua siku ya kutoka.

Anaishi Lindi, kule chini Kibera, katika chumba kimoja cha mabati pamoja na mdogo wake Oluoch. Oluoch ana miaka ishirini, mrefu, mwenye mabega ya kubebea magunia, na ana usonji. Neno hilo tulilipata kwa daktari wakati kijana ameshaanza kuota ndevu. Kabla ya hapo majirani walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine walisema mama yake alimkosea mtu huko nyumbani, na wengine walimwita bubu ingawa anaongea. Anaongea akiwa na jambo la kusema, tabia ambayo majirani wengi pale Lindi wangefaa waige.

Hapendi kuguswa ghafla. Ugali na sukuma wiki havifai kugusana kwenye sahani yake. Na hawezi kuuacha mfereji unaovuja bila kuufunga, hata uwe wa nani.

Mfereji ndio uliomponza. Alfajiri moja, hata mwaka haujaisha tangu wamzike mama yao, Oluoch alisikia maji yakidondoka katika ploti ya jirani. Akaamka, akafungua mlango, akaingia kwenye ua wa watu kwenda kuyafunga. Mtu akapiga ukelele: mwizi! Na neno hilo likishatoka, hakuna anayengoja maelezo. Mzee Oloo, muuza chipsi mwenye kibanda mbele ya mlango wao, ndiye aliyemtambua. Alimlalia juu, akapigwa yeye mpaka watu wakaona aibu. Oluoch ana kovu kwenye paji la uso. Mzee Oloo ana mkono usionyooka vizuri mpaka leo.

Tangu asubuhi hiyo Audrey hulala mlangoni. Nilimwambia anunue kufuli, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Kam, moto ukishika, nitaanza kutafuta funguo na huyu anapiga nduru?"

Nikaliacha la kufuli, kwa sababu Lindi moto ukianza kwa jirani unafika kwako kabla hujavaa viatu. Kwa hiyo kufuli ni yeye mwenyewe. Oluoch hamruki; akimkuta pale hurudi kitandani. Mchana Audrey huwasuka wateja wanaokubali kumfuata nyumbani, jicho moja kwenye nywele, jingine kwa mdogo wake. Aliwahi kuwa na mchumba, Murunga, fundi wa umeme, mtu mpole kweli. Murunga alivumilia sana, mwishowe akamuuliza: tukioana, wewe utakuwa unalala wapi? Wakaachana. Siku hizi Murunga ana watoto wawili huku Kawangware, na mkewe ni mteja wangu. Huwa namkaza nywele zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

Mtu atauliza, na shule? Oluoch alisoma katika darasa la watoto maalum la shule moja ya msingi. Walimu wake walikuwa watu wema. Alipofika umri wa kutoka wakamkalisha na wenzake kwenye viti, wakawaimbia, wakawapigia makofi, halafu wakafunga geti. Basi. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna chuo, hakuna kazi, hakuna mtu wa kupiga simu aulize anaendeleaje. Utadhani watu wenye usonji huyeyuka wakishakuwa wakubwa. Wasioyeyuka wanawekwa ndani, na pamoja nao anawekwa dada, au mama, au nyanya. Kilichobaki kwa Oluoch kilikuwa viazi vya Mzee Oloo. Alivimenya polepole na vizuri, na kiazi chenye ubichi wa kijani alikitupa mbali hata mzee alalamike vipi.

Mwaka jana akapiga simu Anti Nereah, mdogo wa mama yao, aliye Uingereza akihudumia wazee. Katika mji wake kuna chuo kinachopokea vijana wenye usonji waliomaliza shule. Huwafundisha upishi, bustani, kufua, kupanda basi, yaani kuishi. Kanisa lake lilikuwa limekubali kubeba gharama zote. Kilichobaki ni chuo chenyewe kuzungumza na kijana kwa simu ya video na kuamua kama kitamweza.

Sitaki kudanganya kuhusu furaha yangu. Sikumfikiria Oluoch hata kidogo. Nilitoa ndoo kwenye kile kiti, nikakipangusa.

Chuo kikatuma picha, ili kijana aizoee safari kabla ya safari: picha ya lango, ya kitanda, ya mama atakayemwamsha asubuhi, ya chumba kitulivu cha kukimbilia kelele zikimzidi. Audrey alizibandika ukutani. Kila asubuhi Oluoch alizipitia, akigusa moja baada ya nyingine kwa kidole, bila kusema neno, kisha akaenda kwenye viazi vyake. Lakini Audrey alikwama kwenye picha ya mlango. Juu ya mlango huo palikuwa na kidude cheupe. Anti Nereah alitueleza kazi yake: kijana akifungua mlango usiku, kidude kinalia kwa mtu wa zamu, naye anakuja taratibu kumuuliza anataka nini.

"Kumbe mimi ni kengele," Audrey akasema.

Tukacheka. Nilipokuwa narudi Kawangware nikaona hapakuwa na la kucheka.

Sasa ikaja siku ya simu, na hapo ndipo watu wetu tulipojionyesha. Mgeni anakuja! Mgeni mwenyewe atakuwa ndani ya simu, hataona kitu ila uso wa kijana na kipande cha ukuta, lakini mgeni ni mgeni. Mama Mitchelle wa mlango wa pili alileta vitambaa vya kochi vilivyotiwa wanga vikasimama kama karatasi. Mwingine akaleta pazia. Mimi, mpumbavu mwenzao, nilileta maua ya plastiki kutoka saluni. Mzee Oloo aliacha kukaanga ili moshi usiingie ndani. Oluoch akavalishwa tai.

Na maneno pia yalivalishwa. Anti Nereah alikuwa amemwonya Audrey: "Hiyo story ya mlango usiitaje. Wakisikia anatoka usiku wataogopa. Waambie anajitegemea." Audrey akakubali, na siwezi kumlaumu. Sisi tumelelewa hivyo. Wageni wakija, vikombe vizuri vinatolewa na mtoto asiyeeleweka anapelekwa chumba cha nyuma. Kama hakuna chumba cha nyuma, anafundishwa kunyamaza. Kwa hiyo alimkalisha Oluoch jioni baada ya jioni, akimuuliza na kumjibisha. Nani anakuvalisha? Mimi mwenyewe. Unaweza kukaa peke yako? Naweza. Usiku unalala vizuri? Vizuri. Kijana aliyashika yote. Ukitaka kumtazama Audrey siku hizo ilibidi uwe na moyo mgumu, maana kila jibu zuri lilimfurahisha na kumtisha kwa pamoja. Akisema ukweli, pengine watamkataa. Akificha, watamchukua, halafu nani atakuwa mlangoni?

Kabla simu haijalia, Oluoch alivua tai. Akaviondoa vitambaa vya Mama Mitchelle kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka nje. Maua yangu nayo yakafuata. Kisha akakaa kwenye kiti, ametulia, na chumba kikawa kile kile cha siku zote.

Aliyepiga alikuwa mama wa makamo, nywele fupi za mvi, jina lake Hazel. Walizungumza Kiingereza, mimi nasimulia kwa lugha yetu. Alimuuliza anapenda nini. Oluoch akasema, viazi. Hazel hakucheka. Alitaka kujua viazi vya aina gani, wakaongea viazi mpaka Mzee Oloo pale nje akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, ingawa sidhani alikuwa anaelewa yote. Yakaja maswali tuliyoyatarajia. Nani anakuvalisha? Mimi mwenyewe. Usiku unalala vizuri? Vizuri. Nikamwona Audrey, aliyesimama kando asionekane, ameanza kushusha mabega.

"Na ukiamka usiku," Hazel akauliza, "huwa unafanya nini?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Oluoch akafikiri.

"Naenda mlangoni. Audrey yuko mlangoni."

"Audrey anafanya nini hapo?"

Oluoch akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akalala chini, mwili mzima kwenye sakafu, akionyesha. Kwenye simu Hazel alikuwa anaona kiti kitupu tu, lakini sauti ilimfikia vizuri.

"Kichwa cha Audrey hapa. Miguu ya Audrey huku. Audrey halali. Audrey anajifanya amelala. Macho ya Audrey yako wazi, halafu anayafumba."

Audrey alijishika mdomo. Miaka minne alikuwa akifumba macho kila aliposikia kitanda kinalia, akidhani kijana haoni. Machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Hazel akaomba kuongea na dada. Audrey akaishika simu kama mtu aliyefumaniwa, akaanza kuomba msamaha, kwamba anajitegemea kweli, kwamba ni mara chache tu. Hazel akamngoja amalize. Akamuuliza ni tangu lini. Audrey akamwambia. Yule mama akavua miwani, akasema kwamba kwao kazi hiyo hufanywa na watu watatu kwa zamu, na mmoja wao akichoka huenda likizo.

Likizo! Audrey alilirudia neno hilo kwa siku kadhaa, kama mtu aliyesikia jina la mji asioujua.

Jibu lilipokuja lilikuwa hivi. Oluoch amekubaliwa, na atawekwa kwenye nyumba yenye mtu wa usiku. Kama wangeamini lile la kujitegemea, wangempanga kwenye nyumba ambayo baada ya chakula cha jioni kila mtu hujifungia mwenyewe, naye angetoka kwenye baridi ile kutafuta mfereji. Lakini kwanza lazima ajifunze huku huku nyumbani kulala akiangaliwa na mtu asiyekuwa Audrey. Asipoweza kufikia Juni, nafasi atapewa mwingine. Mzee Oloo alijitolea hapo hapo. "Huyu nilishamlalia juu," akasema. "Mlango ndio utanishinda?"

Basi tukadhani kazi imekwisha, kwamba sasa ni ya Oluoch. Kumbe aliyeshindwa ni Audrey. Mara ya kwanza aliondoka jioni na mkoba wake, akafika stage ya Olympic kupanda matatu, akarudi. Alisema amesahau chaja. Mara nyingine alisema mvua, na mawingu yenyewe hayakuwepo. Kisha akaanza kuniambia kwenye simu kwamba ameondoka, kumbe ameketi ndani ya kibanda cha chipsi, kwenye giza, ananyemelea mlango wake mwenyewe. Mzee Oloo ndiye aliyemchongea kwangu. Oluoch naye, kwa kuwa alijua fika dada yuko pale nje, hakulala. Na Aprili ilikuwa inakwisha.

Siku moja nikafunga saluni mchana, nikaenda Lindi nikiwa nimejaa hasira mpaka kooni.

"We Audi, unaenda ama hauendi?"

"Naenda."

"Ulisema hivyo juzi. Unataka huyu kijana akose hiyo nafasi?"

"Usiniambie hivyo, Kam."

"Nikuambie aje? Mzee ako hapo. Anamjua tangu akiwa mdogo."

"Mzee hajui venye anapumua kabla aamke."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa nimesimama pale nikipiga kelele huku nimeshika usufi wangu. Hasira ikanishuka. Nikamwambia tu, kwa sauti ya chini, tafadhali twende.

Akaenda ukutani. Katikati ya zile picha za Uingereza akabandika mbili alizopiga kwa simu yake: moja ya Mzee Oloo ameketi kwenye godoro pale mlangoni, moja ya saluni yangu. Akamwita mdogo wake, akamwonyesha. Oluoch akagusa ya kwanza.

"Mzee Oloo mlangoni."

Akagusa ya pili.

"Audrey Kawangware."

Kisha akatoka, akaendelea kumenya viazi. Hakugeuka kututazama tukiondoka. Audrey aligeuka mpaka tukapita kona.

Kwangu nilimpikia, akala kidogo. Chumba changu ni kimoja na kitanda ni kimoja, nikampa upande wa ukutani. Nilimkataza kupiga simu Lindi. Nikamwambia ukipiga, kijana atasikia sauti yako na tutaanza upya. Akaiweka simu chini ya mto. Nililala nikimwacha amekodoa macho kwenye dari.

Alfajiri niliamka niwahi maji kabla foleni haijawa ndefu. Nilikuwa na bi harusi na wasimamizi wake wa kusuka, na tulipatana waje mapema. Sikuwasha taa, nisimsumbue mgeni wangu. Nikabeba mitungi, nikanyata mpaka mlangoni, na hapo nikakanyaga mtu.

Nilipiga yowe. Mitungi ikaanguka. Nilipowasha taa nikamkuta Audrey chini, amejifunga leso, kichwa huku, miguu kule, ameziba mlango wangu wote.

"Audi! Sasa hapa unamzuia nani? Mimi?"

Akakaa, akajifuta uso, akashangaa mwenyewe.

"Nilijaribu kitandani, Kam. Usingizi ulikataa. Nikashuka hapa, ukakuja."

Kabla sijajua kama nicheke, simu ikalia chini ya mto. Aliirukia. Ilikuwa sauti ya Mzee Oloo, na nyuma yake kisu kikikwaruza maganda.

"Alilala, mama," mzee akasema. "Aliamka mara moja tu. Akakuja mpaka kwa mlango, akaniangalia, akarudi kulala. Saa hii ako hapa na viazi zake. Huyu ataenda Uingereza, nakuambia."

"Aliniulizia?"

Mzee ni mtu wa kanisa, hapendi uongo.

"La, mama. Hakuuliza."

Audrey akamshukuru, akamwambia Mungu ambariki, akaiweka simu chini taratibu sana. Kisha akajifunika uso kwa leso. Nikamwambia, si hii ndiyo habari tuliyokuwa tunaomba? Akasema anajua. Nikamuuliza, basi unalia nini? Akasema, "Najua ni habari njema, Kam. Niache tu." Nikamwacha. Nje watu walikuwa wameanza kupita na mitungi, na simu yangu ikaanza kulia, bi harusi wangu huyo.

"Haya, shosti," nikasema. "Toka mlangoni sasa, tuende kazi. Kiti chako kiko tayari."

Akatoa leso usoni, akanitazama.

"Nitoke niende wapi?"

Nikafungua mdomo nimkumbushe tena habari za kiti, nikaona hanitanii. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyepotea njia. Nikaketi chini karibu naye, sote wawili tukiwa tumeuziba ule mlango, na simu ikaendelea kulia.